Kigae cha Emérita

Wewe mwenye unakaa hapo, nikutege: nikimugawia jirani, changu hakipunguki. Ni nini? Usijibu mbiyo. Emérita naye hakujibu mbiyo.

Tulikuwa majirani huko Masisi, wasichana, mwaka wa uhuru. Nyumba yao ilivuja, basi moto wao ulizimika kila usiku. Asubuhi Emérita alikuja na kigae cha chungu kuomba makaa kwetu. Mimi nilimutega kitendawili kwanza, ndipo nimupe. Siku moja nilimutega hicho cha jirani. Akacheka: "Sijui, Vestine. Nitajibu kesho."

Kesho yake vijana wa chama cha siasa walipita wakiimba, vitambaa vya kijani shingoni, Jean-Marie, mukubwa wao, mbele. Emérita akawafuata. Lakini papa yangu alikuwa wa chama kingine. Jean-Marie akawakataza watu wake kuomba hata chumvi katika nyumba kama yetu, akawagawia viberiti.

Tangu hapo niliona moshi wa kwao Emérita ukipanda bila mimi. Kila asubuhi nilitenga makaa mazuri kando, yakazimika.

Mama akanichokoza: "We Vestine, sasa unatega makaa vitendawili? Utaolewa na jiko!"

Nisiseme uongo: chama kilimukomaza Emérita. Yeye aliyekuwa anaficha mudomo mbele ya wanaume, siku ya soko huko Sake alipanda juu ya sanduku akasema, na wazee wakatega masikio. Niliona fahari, na machungu vilevile. Aliposhuka nikamwita: "Emé! Na jibu langu?"

Akaniangalia. Akamwangalia Jean-Marie. Akageuka.

Kisha kamyo, lori la chama, likawapeleka Emérita na vijana wenzake Walikale, wafungue tawi la chama kule porini. Mvua zikanyesha, zikakatika, zikanyesha tena. Tukasikia wakubwa wa chama wamegombana na kutawanyika, na hakuna kamyo lililoenda kuwarudisha vijana.

Asubuhi moja ya ukungu nikasikia muntu mulangoni. Emérita, amekonda, nyayo zimepasuka kwa njia, kigae mukononi. Hakuficha mudomo.

"Jean-Marie iko wapi?" nikamuuliza.

"Alipata kazi ya ofisi, akatuacha. Yeye hatusalimii tena."

Nilichukua makaa, ila sikumupa. Nikangoja.

"Moto," akasema. "Jibu njo moto, Vestine. Hata siku ile nilijua. Nilitaka tu niwe na sababu ya kurudi kesho."