Kitambaa Juu ya Kompyuta ya Kanisa

Kompyuta ya kanisa letu pale mtaani Mountain View iliganda tena katikati ya wimbo, maneno yakakwama ukutani. Mzee Mwangangi, mwenyekiti wa kamati, akainuka na kuelekeza kidole kwenye kitambaa cha mama yangu kilichotandikwa juu ya mashine.

"Hii kitambaa ndio inapika mashine!" akasema mbele ya watu wote. Akakivuta, akakitupa kwenye droo.

Mama alikuwa amekifuma kwa mkono, uzi mweupe, maua pembeni. Jumapili iliyofuata hakuja. "Mimi siendi kuangaliwa kama mwizi," aliniambia, akageukia sufuria zake. Roho iliniuma sana.

Na kompyuta je? Iliganda vilevile, bila kitambaa. Mwangangi akasema kilikuwa kimeshaiharibu. Hapo nikapandwa na hasira. Kazi yangu mjini ni kutengeneza kompyuta, na nilikuwa nimenyamaza kwa heshima tu. Matundu ya hewa yako nyuma. Kitambaa kilikaa juu. Tena mashine ile haikuwahi kuganda wakati wa mahubiri, na mahubiri yetu ni marefu, wacha tu. Ingekuwa ni joto, ingeganda huko. Iliganda kwenye nyimbo peke yake, pale kisanduku kipya cha sauti, kile kinachopeleka muziki wa kompyuta kwenye spika, kinapoanza kazi. Kisanduku hicho Mwangangi alikinunua na kukiunganisha mwenyewe.

Jumamosi, kwaya ikifanya mazoezi, nilikitoa kitambaa kwenye droo nikakitandika juu ya kompyuta, Mwangangi akitazama. Nikachomoa kisanduku. Nyimbo zikaenda moja baada ya nyingine bila shida. Nikakichomeka. Ubeti wa pili, mashine ikaganda kabisa.

"Mzee, draiva ya hii box ulitoa wapi?"

"Si ni ile ya box ya zamani? Zote ni za sauti!"

Draiva ni programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa. Ile ya zamani haikukijua kisanduku kipya, kwa hiyo sauti ikianza, kompyuta nzima ilibaki ikingoja jibu lisilokuja. Nikaiondoa, nikaweka inayostahili. Kwaya iliimba mpaka makoo yakakauka, na mashine haikutikisika. Nilipiga kelele kama mtu aliyefunga bao.

"Sasa kesho ni wewe utarudisha hii kitambaa, Mzee," nikamwambia. "Mbele ya watu, vile ulitoa."

Kumshawishi Mama kulikuwa kazi, lakini alikuja, akaketi nyuma kabisa. Wimbo ukaanza, beti zote zikapita, kanisa zima likapiga makofi. Mwangangi akafungua droo.

"Mama Ndanu, nilikukosea. Shida ilikuwa box yangu," akasema akimtazama mama yangu, akakitandika kitambaa. Alikitandika kinyume, mafundo ya uzi yakawa juu.

Mama akainuka. Akatembea kutoka nyuma hadi mbele, bila haraka, akakigeuza kitambaa chake na kukinyoosha pembe zote. Kisha akaketi kwenye kiti cha mbele.