Bolti ya Nne

Niliota usiku wa jana kwamba mkasi wa ekskaveta yetu, ule wa kukatia vyuma, umekuja nyumbani kunijulia hali. Umeketi kwenye kochi, taya zimefunikwa kitambaa cha mama, unakula grisi kwa kijiko.

"Chande," unasema, "jana uligeuza kisu changu upande wenye makali mapya. Bolti ngapi?"

"Nane."

"Baada ya saa moja ya kazi zinakazwa tena. Ulikaza?"

"Niliandika kwenye daftari kwamba nimekaza."

"Sikuuliza ulichoandika."

Nikibanwa hujibu kwa shairi. Nasimama, natunisha kifua:

"Mkono wangu kipimo, spana ya nini jamani?
Nikikaza ni kikomo, haitoki asilani."

Mkasi unahesabu mizani kwa vidole usivyokuwa navyo. "Vina vimekaa sawa," unasema. "Bolti ya nne haijakaa."

Sebule imekuwa yadi ya vyuma chakavu. Bango la usalama linasema ASISIMAME MTU MBELE YA MKASI, na leo linatiiwa: watu wote wanatembea kinyumenyume kuelekea ukutani, hata mlinzi na chai yake. Amebaki Dada Semeni, dereva wa ekskaveta. Yeye hana pa kwenda. Kiti chake kinautazama mkasi kutwa nzima.

"Saa moja na robo nauma boriti ya kwanza," mkasi unaniambia, kama anayetaja ratiba ya basi. "Kisu kikichomoka, kitapita kwenye kioo chake."

Semeni anachungulia dirishani. "Mshairi, umekaza?"

Nataka kusema hapana. Mdomo unasema, "Ndiyo, dada."

Najaribu tena. Mdomo umejaa kitu cha baridi, cha duara. Semeni anafunga dirisha. Injini inanguruma.

Niliamka natema. Mate yalikuwa meusi, yana ladha ya grisi. Saa moja kasoro dakika tano. Nikapiga simu.

"Dada, usiiwashe mashine. Zile bolti sikuzikaza."

"Daftari linasema umekaza."

"Niliandika uongo."

Nikasikia hatua zake kwenye changarawe, kisha chuma kikigongwa.

"Ya nne naizungusha kwa vidole," alisema. "Chande, ningekuwa nimekaa hapo. Njoo na spana ya kupimia mkazo, mashairi yaache huko huko. Tena hii haina hata washa, ile pete ya chini ya kichwa. Sijui imedondokea wapi."

Nikaitazama kwenye foronya, imelowa mate.

"Ninayo," nikamwambia.