Aliruka Mara Nne

Mdogo wangu aliingia karakana asubuhi akiwa na damu ya mtu mwingine kwenye shati. Nilikuwa nimelala chali chini ya boti kubwa nikiikwangua tumbo, kazi ya miezi ambayo wageni wamerudi kwao na hoteli zimefunga madirisha. Niliona viatu vyake kwanza, kisha ngumi zilizochubuka.

"Ya nani hiyo?" nikamuuliza.

"Ya shemeji. Nimemuuliza dada yake yuko wapi, akasema hajui. Nikamuuliza tena."

"Umemfanya nini?"

"Meno mawili. Taya sina hakika."

Alisema hivyo kama fundi anayetoa taarifa ya kazi. Shemeji huyo ni seremala, mtu mpole, na kweli hakujua chochote. Aliyejua ni mimi. Wifi yangu, mke wake, alikuwa juu ya vichwa vyetu saa hiyohiyo, kwenye stoo ya majaketi ya kuokolea. Ilikuwa siku yake ya sita humo, mbavu mbili zimevunjika, kitambaa mdomoni asisikike akikohoa.

Mtaani mdogo wangu wanamwita Bondia, na ulingoni hajawahi kupanda hata kwa kufagia. Nilimlea mwenyewe tangu mama afariki, na nilimlea vibaya. Kila alipovunja kitu au mtu, nilisema ni damu ya baba inayomchemka. Mara mbili mkewe alikimbilia kwangu, na mara mbili nilimrudisha kwa mkono wangu huu. "Mvumilie," nilimwambia. "Hasira zake ni kama kifafa, humpanda asijijue." Mara ya pili alinitazama kwa jicho moja lililoweza kufunguka, akasema, "Wifi, si hasira. Anahesabu." Nikamwambia aache maneno.

Ubao wa dari ukalia. Mdogo wangu akainua macho.

"Panya," nikasema upesi. "Baridi ikianza wanahamia ndani."

"Dada, najua unajua alipo." Sauti yake ilishuka na machozi yakamtoka, machozi ya kweli, nayajua tangu utotoni. "Nataka kumwomba radhi tu. Basi."

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. "Twende majini," nikamwambia. "Ukimleta taponi mmoja hadi ubavuni mwa boti, ukamwachia akiwa hai, nitakwambia alipo."

Nilijiona mjanja. Taponi ni samaki wa rangi ya fedha, mrefu kama mtu mzima, mdomo mgumu kama kwato, nyama yenye miba ambayo hata paka huisusa. Wageni humvua kwa mchezo, kisha tunamwachia. Akishanasa huruka juu ya maji akitikisa kichwa, na hapo lazima umwinamie: unakunja kiuno, unamsogezea fimbo ya kuvulia, uzi unalegea. Ukikaza, uzi unakatika. Wanasema hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi, lakini kwa taponi mvuvi mwenye hasira hurudi mikono mitupu. Kwa miaka kumi mdogo wangu hakuwahi kumfikisha hata mmoja, maana hakuwahi kumwinamia mtu wala samaki. Akishindwa, nitakuwa nimemtoa chini ya dari lile mchana kutwa. Akiweza, basi amebadilika. Nilitaka aweze. Naapa nilitaka.

Tuliteremsha boti ndogo. Taponi wengi huondoka na maji ya joto, lakini wakubwa wachache husalia kwenye mkondo wenye kina, kando ya fungu la mchanga. Hapakuwa na boti nyingine, si mbele si nyuma. Mdogo wangu alimchoma kaa wa chambo ndoana mgongoni, akamtupa, akasimama mbele kimya. Mimi nilishika usukani.

Tulikaa kwa muda wa saa tatu. Nilishaanza kutafuta maneno ya kumpoza njiani ndipo uzi uliponyooka na fimbo ikakunjika hadi majini.

Samaki akapasua maji. Alikuwa mkubwa kuliko wote niliowaona mwaka ule, mashavu yake yakigongana kama milango ya kabati.

"Inama!" nikapiga kelele.

Akainama. Mdogo wangu, ambaye hata msibani hainamishi kichwa, alikunja kiuno kama anayepokea zawadi kwa mkwe. Samaki alianguka, uzi ukabaki mzima. Akaruka tena, naye akainama tena. Mara ya tatu samaki aliruka karibu mno, akatulowesha, na mdogo wangu akainama bila hata kufumba macho. Kila mara niliona midomo yake ikichezacheza. Nikadhani anaomba Mungu. Nilishukuru, mjinga mimi, nikalia kwa furaha pale kwenye usukani.

Mara ya nne samaki hakuwa na nguvu, alitoa kichwa na mabega tu. Mdogo wangu alimwinamia vilevile, taratibu. Dakika arobaini zilipita bila tusi, bila kukaza uzi hata mara moja. Akamleta ubavuni, jicho la samaki lile kubwa likitutazama.

"Umeweza," nikamwambia. "Mdogo wangu, umeweza! Mtoe ndoana umwachie."

Alimshika taya, akamvuta hadi nusu ya mwili ikawa ndani ya boti. Kisha akachukua rungu fupi tunaloulia samaki wa kitoweo.

"Moja," akasema, akapiga.

Magamba yaliruka, makubwa kama visahani, moja likanigandia shavuni. Samaki alijipindua, mkia ukavunja ndoo.

"Mbili." Jicho likapasuka. "Tatu." Akangoja samaki atulie kwanza, akachagua mahali, akapiga. "Nne."

Akaacha. Hakupiga la tano. Hakuwa akihema. Aliliosha rungu ubavuni mwa boti, akalipangusa kwenye suruali, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemaliza kula.

Samaki alikuwa ameruka mara nne. Mtu anayeweza kuinama mara nne, kwa dakika arobaini, huku akiweka hesabu, hana kifafa chochote. Alikuwa na breki siku zote. Nami nilikuwa nikimrudisha wifi yangu kwa mtu mwenye breki.

"Haya, dada. Yuko wapi?"

"Tulisema akiwa hai."

"Yuko wapi?"

"Sijui."

"Moja," akasema, kwa upole.

Nilimtazama mtoto niliyembeba mgongoni. "Sijui," nikarudia.

"Mbili."

Nikasukuma mkono wa injini hadi mwisho. Boti iliinuka pua, naye alikuwa amesimama juu ya ute na damu. Alijirusha kunifikia, rungu likanishukia kwenye bega na nikasikia mfupa ukilia, kisha nikakata kona na akaenda majini, yeye na samaki wake, wote pamoja.

Nilizunguka. Alikuwa amefika kwenye fungu la mchanga, maji kiunoni, mzima, akinitukania mama yetu. Nikamtupia jaketi la kuokolea. Sikusogea zaidi ya hapo. Nikaita askari wa bandari kwenye redio, nikawaambia kuna mtu fungu la mchanga, wamchukue kabla maji hayajajaa, waje na pingu, na seremala atawaeleza kwa nini akiweza kufungua mdomo.

Karakanani nilipanda ngazi ya stoo kwa mkono mmoja. Wifi alikuwa ameketi kati ya majaketi ya rangi ya chungwa, kitambaa bado mdomoni. Akaliona bega langu lililolegea na magamba yaliyonigandia. Akakitoa kitambaa.

"Amefika ngapi?" akauliza.

"Mbili."

Alitikisa kichwa polepole. Nilitaka kupiga magoti, nimwambie anisamehe, lakini aliyenikalisha chini alikuwa yeye. Alitafuta mkasi, akaanza kuukata mkono wa shati langu, akijishika mbavu zake kwa mkono wa pili.