Siku ya Bibie Kuoga

Mchomeleaji wa mageti hakuwa mtu wa maua. Miaka kumi na saba ya kusaga vyuma ilikuwa imempunguzia usikivu, kwa hiyo hata akinong'ona majirani watatu walisikia. Mikono yake ilijaa makovu ya cheche. Lakini mkewe, mwalimu wa chekechea, alipoitwa kwenye mafunzo ya wiki tatu, ni mikono hiyo hiyo aliyoikabidhi Bibie.

Bibie lilikuwa ua la sebuleni, la asili ya misitu ya joto na mvua, refu kama mtoto wa darasa la nne. Majani yake yalikuwa mapana kama sinia, yamechanikachanika na kutobokatoboka kana kwamba mtu kayachezea mkasi.

"Usimweke juani," mke alisema, begi likiwa begani. "Usimwagie maji mpaka uchomeke kidole kwenye udongo uone pamekauka. Jumamosi umpeleke bafuni, umfute vumbi. Na uongee naye."

"Niongee na nini?"

"Na Bibie. Mimi huongea naye."

Wiki ya kwanza alimwagilia tu na kuondoka. Wiki ya pili alijikuta akimsimulia habari za mteja aliyetaka geti la kuvuta baada ya kuagiza la kusukuma. Bibie alisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo halikuwahi kumtokea tangu aoe. Jumamosi ya tatu walikuwa wameshaelewana kabisa.

Siku hiyo ndiyo mama mkwe, fundi cherehani, alipokuja bila taarifa kuleta mapazia. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Akaita hodi, kimya. Akaingia, akaweka mapazia na mwavuli kwenye kochi, ndipo sauti ikatoka bafuni.

"Njoo, Bibie, usiogope. Maji ya uvuguvugu haya. Haya, geuka nikufute mgongo."

Mama mkwe alishika ukuta.

"Wiki mbili tu umeninenepea hivi! Mwenye nyumba akirudi atashangaa. Na mtoto mwingine yuko njiani, namwona anachungulia!"

Mama wa watu alitoka hadi barazani kwa ncha za vidole, akampigia binti yake.

"Mwanangu, kaa chini."

"Nimekaa mama, niko darasani. Sema haraka."

"Mumeo yuko bafuni na mtu anayeitwa Bibie."

"Ee, si leo Jumamosi? Ni siku yake ya kuoga."

Mama mkwe aliiondoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha. "Kwani unajua?"

"Mimi ndiye niliyemwagiza."

"Anamfuta mgongo!"

"Afute na kwa chini, mama, mwambie. Huko ndiko wadudu wanakojificha. Haya, mkufunzi kaingia, nitakupigia."

Simu ikakatika. Mama mkwe alisimama pale akiamini mambo mawili: kwamba mkwewe ni mhuni, na kwamba binti yake amepewa kitu akanywa. Akarudi ndani, akachukua mwavuli wake, akausukuma mlango wa bafu kwa bega.

"Toka, mwanamke! Toka nikuone!"

Mchomeleaji alikuwa amechuchumaa kwenye karai, kifua wazi, amevaa bukta yenye picha za ndizi. Kumwona mama mkwe akaruka, na kwa kukosa pa kukimbilia akajificha nyuma ya Bibie. Majani yale yana matundu. Hayakufaa kwa kazi ile.

"Shikamoo, mama!" alinguruma kutoka kwenye tundu mojawapo.

"Marahaba. Yuko wapi?"

"Nani?"

"Bibie!"

"Huyu hapa."

Mama mkwe akachungulia nyuma ya mlango. Akafunua pipa la maji. Mwavuli aliokuwa ameushika kwa hasira ukafyatuka wenyewe, pwaa, ukafunguka katikati ya bafu, na ncha yake ikalipasua jani kubwa kuliko yote, toka juu hadi kwenye kikonyo.

Wote wawili walilitazama likining'inia.

"Huyu ua?" mama mkwe aliuliza taratibu. "Ua ndiye Bibie?"

"Ndiyo, mama."

"Na mtoto?"

Akamwonyesha jani changa lililojikunja kama karatasi, la kijani kibichi. Mama mkwe alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajifunika uso kwa khanga. Mabega yalitikisika, na mkwewe hakujua kama analia au anacheka mpaka alipomsikia akikosa pumzi. Alimpa mgongo ili mkwe apite akavae shati.

Walikuwa bado wanajaribu kuliunga jani kwa gundi ya karatasi mwalimu alipopiga, simu ikiwa kwenye spika.

"Bibie ameshaoga?"

Mama mkwe alificha mwavuli nyuma ya mgongo. Mchomeleaji akamtazama, akaiinamia simu.

"Mke wangu, nimeteleza. Nimechana jani lile kubwa."

Alisemwa dakika kumi na mbili. Aliambiwa kwamba hana mikono ila makoleo, na kwamba jani likatwe kwenye kikonyo kwa kisu safi, lisiachwe lioze.

"Hata mimi nimemwambia," mama mkwe akadakia. "Hana uangalifu kabisa huyu."

Mchomeleaji alimgeukia, macho yamemtoka. Mama mkwe hakupepesa. Alipohakikisha simu imekatika, akasimama, akaelekea jikoni kumchemshia chai.

"Sukari vijiko vingapi, mwanangu?"