Taa za Saa Saba Mchana

Mama Bendera alikuwa na tabia moja ambayo hakufundishwa na mtu. Akiona gari linakuja mchana huku taa zinawaka, huinua mkono wa kushoto, ule usioshika bendera, akafumba na kufumbua vidole mara tatu. Madereva wote wanaijua ishara hiyo: umesahau taa, zima, betri isije ikakufia njiani. Wengine walizima wakampigia honi ya asante. Kwake ilikuwa sadaka ndogo ya kila siku, ya mtu ambaye hana kingi cha kutoa.

Kazi yake ilikuwa kuzuia na kuruhusu magari. Barabara ilikuwa inatengenezwa, upande mmoja umechimbwa na upande mmoja unapitika, na kipande chote hicho kilinyooka kama rula mpaka kwenye mlima wa kokoto kule juu. Yeye alisimama mwisho wa chini na bendera mbili, nyekundu na ya kijani, na redio ya mkononi ikining'inia shingoni. Mwenzake alisimama juu, karibu na kokoto. Wa juu akiruhusu, wa chini anazuia. Kazi yenyewe ilitaka macho tu, na macho Mama Bendera alikuwa nayo. Mafundi walisema nzi akipiga chafya kule kwenye kokoto, yeye ndiye atakayemwambia pole.

Msimamizi wa kazi alikuwa na gari jipya ambalo taa zake ziliwaka zenyewe kila lilipotiwa moto, iwe asubuhi au adhuhuri. Mwezi mzima Mama Bendera alimfumbulia vidole, mpaka siku moja mzee wa watu akasimama na kushusha kioo.

"Mama yangu, mkono wako utakatika bure. Hizi hazizimwi. Zimezaliwa hivyo."

"Na betri?"

"Betri inazijua."

Wiki hiyohiyo msimamizi akatoa amri. Magari yote ya kazi, yale yanayozunguka humo ndani bila kungoja bendera, yawe yanawasha taa mchana. Madereva walicheka mpaka wakashikana mabega. Aliyecheka zaidi alikuwa dereva wa lori la maji, lile linalomwagia vumbi. Walimwita Mvua kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa mtoto wa pekee wa Mama Bendera.

"Bosi, jua lote hili na bado niwashe taa? Si sawa na kuvaa koti la mvua bafuni?"

Mama Bendera naye alitabasamu. Moyoni aliona ni kama kukosa adabu. Mungu ametundika jua lake juu ya watu wote, halafu mtu anawasha kitaa pembeni, kama anayetaka kumsaidia.

Lakini kati ya mama na mwana kulikuwa na jambo ambalo hawakulicheka. Miaka kumi na miwili nyuma, saa saba mchana, mume wa Mama Bendera alikuwa akiendesha gari la mizigo kwenye barabara kavu isiyo na kona. Mbele yake trekta lilikuwa linajikokota. Akatoka ili alipite, akakutana uso kwa uso na gari dogo la rangi ya majivu. Alifariki palepale. Utingo wake alipona, na huko wodini, mguu umetundikwa kwa kamba, alimrudia kila aliyekuja kumjulia hali maneno yaleyale: "Tulitazama. Barabara ilikuwa tupu. Naapa ilikuwa tupu."

Watu wakamsikiliza, wakatoka nje, wakatazamana. Gari si sindano, walisema, litapoteaje barabarani mchana kweupe? Basi dereva alikuwa amelewa. Aliyesema kwanza hajulikani, ila udongo wa kaburi haujakauka, neno lilikuwa limeshazunguka mtaa mzima na kurudi likiwa kweli.

Mvua alikuwa na miaka kumi na mitatu. Shuleni wenzake walipita mbele yake wakipepesuka, wameshika usukani wa hewa. Akakua, akajifunza udereva, hakuonja pombe hata ya kulamba. Siku alipopanga nyumba na kumchukua mama yake, picha ya marehemu ilikaa ukutani siku mbili tu. Siku ya tatu aliishusha.

"Mama, nisamehe. Huyu alituacha kwa uzembe wake. Siwezi kula huku ananiangalia."

Mama Bendera hakubishana. Angebishana kwa hoja gani? Mwenyewe, kila baada ya sala, alimwombea mumewe msamaha wa pombe ambayo hakuwahi kuinusa kinywani mwake. Aliizungushia picha shuka, akaiweka chini kabisa ya sanduku. Ukutani likabaki tundu la msumari, na kila alipofagia sebule, jicho lake lilikwenda hapo.

Siku ya tatu ya amri ya taa, jua lilikuwa limesimama utosini. Hewa juu ya lami ilicheza kama maji yanayotaka kuchemka. Yalikuwa yale mazigazi yanayomwonyesha mtu bwawa mahali pasipo na tone. Vumbi la kokoto lilikuwa limepaka kila kitu rangi moja, barabara, mlima, mitambo, malori, hata kope za watu. Foleni kwa Mama Bendera ilikuwa ya magari saba, na mbele kabisa ilikuwapo teksi. Dereva wake alikuwa mtu wa maneno, kiwiko nje ya dirisha.

"Mama Bendera, tuachie bwana. Abiria wangu ataota ndevu humu ndani."

"Abiria wako ni mama mzima."

"Ndiyo ujue tumekaa sana!"

Redio ikakoroma. Alikuwa mwenzake wa juu. "Huku nimefunga. La mwisho limeshafika kwangu. Ruhusu wako."

Mama Bendera alishika bendera ya kijani. Kabla hajainyanyua, akaona nukta mbili za mwanga mbali kule, chini ya mlima wa kokoto. Lori la Mvua lilikuwa linarudi kutoka kumwagia. Mkono wa kushoto ukapanda wenyewe na vidole vikafumbuka. Akakumbuka kwamba kwa umbali ule mtoto hawezi kuona vidole, akabonyeza redio.

"Mvua, mwanangu. Taa zako zinawaka."

Kicheko kikatoka redioni. "Si amri ya msimamizi? Lakini wewe ndiye bosi wangu wa kwanza, mama. Nazima."

Taa zikazimika, na lori likatoweka pamoja nazo.

Halikukata kona, maana kona haikuwepo. Halikuingia shimoni. Pale lilipokuwa palibaki barabara, hewa inayochezacheza na kokoto nyuma yake. Mama Bendera alipepesa macho. Akayafuta kwa upindo wa kitambaa chake, akatazama tena, akianzia kwenye kokoto na kushuka polepole kama mtu anayetafuta shanga iliyodondoka. Hapakuwa na kitu.

"Haya sasa!" dereva wa teksi akatoa kichwa nje. "Barabara tupu. Tazama mwenyewe, mama, tupu kabisa!" Akatia gia, teksi ikaanza kusogea.

Tupu. Neno hilo lilimfikia Mama Bendera kutoka mbali, kutoka wodini, kwa mtu aliyetundikwa mguu. Macho yake, ambayo hayakuwahi kumdanganya, yalimwambia hakuna mtu. Yeye alijua yupo. Akainua bendera nyekundu na kuingia mbele ya teksi, tumbo likagusa boneti.

"Mama, umepatwa na nini? Hakuna kitu pale!"

"Kuna mwanangu pale."

Dereva akatazama tena, akamtazama yeye, akazima injini. Pengine alimwonea huruma.

Mama Bendera akabonyeza redio. "Mvua, uko wapi?"

"Nakuja, mama. Niko katikati ya barabara, hapa mbele yako. Si unaniona?"

"Washa taa."

Akasema washa, na mahali pasipo na kitu pakawa na lori. Kwanza zilitokea nukta mbili nyeupe, imara, kama nyota zilizosahau kulala. Kisha, kuzizunguka, kioo, tangi na magurudumu vikajikusanya. Lilikuwa limeshakuja karibu zaidi kuliko alivyodhani.

"Zima."

Likayeyuka.

"Washa."

Likarudi.

"Mama, jua limekupanda kichwani? Nije na maji?"

"Zima, nimesema! Haya. Washa. Sasa usizime tena."

Dereva wa teksi alikuwa ameshatoka garini, kofia mkononi. Alisimama kando ya Mama Bendera kama watu wasimamavyo mlangoni mwa nyumba ya ibada wasijue kama waingie. "Ningekuwa katikati," alisema kwa sauti ya chini. "Mungu wangu, na nimetazama. Nimetazama kwa macho yangu haya." Lori lilipopita na bendera ya kijani ikapanda, alirudi garini, akawasha taa zake, ndipo akaondoka. Waliomfuata hawakujua kisa, lakini wawili wakamwiga.

Msimamizi alikuwa amesikia yote redioni. Alipofika alimkuta Mvua ameshuka na chupa ya maji, anamshika mama yake kiwiko, na mama anamtoa mkono.

"Sina kiu. Bwana msimamizi, nakuomba kitu ambacho sijawahi kukuomba. Endesha lori la mwanangu mpaka kwenye kokoto, uligeuze, urudi bila taa mpaka nitakapokwambia. Huku nazuia watu wote."

Msimamizi alimtazama, akaona hatanii. Akapanda.

"Mama, unataka kufanya nini?" Mvua aliuliza.

"Simama hapa nilipokuwa nimesimama. Hapa hasa, kwenye nyayo zangu."

Wakangoja. Kokoto zilisikika zikipasuka kwa joto. Redio ikasema, "Nimegeuza. Nakuja."

Mama Bendera hakutazama barabara. Alimtazama mwanawe usoni.

"Sasa wewe ni dereva. Mbele yako trekta linajikokota. Umechoka kulifuata, unataka kulipita. Tazama vizuri, baba. Utapita?"

Mvua alijua ni trekta gani. Lakini alikuwa dereva kwelikweli, na dereva akiulizwa barabara, hutazama barabara. Alikunja uso, akaweka kiganja juu ya macho, akatazama kwa muda ambao hakuna dereva anayeupata akiwa nyuma ya trekta.

"Napita," alisema. "Tupu."

Mama yake akabonyeza redio. "Washa."

Zile taa mbili zikafunguka mbele yao, na lori zima nyuma yake, kubwa, zito, linakuja. Mvua akarudi nyuma hatua moja kana kwamba limemgusa. Alizitazama mpaka lori likafika, likapita, vumbi likatulia.

"Utingo alisema..." akaanza.

"Alisema hivyohivyo."

"Na mimi nilimwita mwongo. Alikuja nyumbani na magongo yake, mama, nikamfungia mlango."

"Na mimi niliomba miaka kumi na miwili baba yako asamehewe pombe," Mama Bendera alisema. "Hatukuona, mwanangu. Hata yeye hakuona."

Mvua alichuchumaa kando ya lami, akafunika uso kwa kofia yake. Mama alisimama karibu naye, bendera nyekundu juu, maana foleni ilikuwa imeshaanza kupiga honi.

Jioni, kabla hajavua viatu, Mvua aliingia sebuleni na nyundo.

"Iko wapi?"

"Chini ya sanduku. Kwenye shuka la bluu."

Msumari uliingia kwenye tundu lake la zamani bila shida. Katika picha marehemu alisimama kando ya gari lake, macho ameyakunja kwa jua, kicheko kinataka kutoka. Walikula anawaangalia. Mvua alizitoa sahani. Kisha akasema kesho atauliza utingo anakaa wapi siku hizi.

Katika sala yake Mama Bendera alianza kama alivyozoea, na midomo ikafika kwenye pombe kabla hajajua. Akaikatiza. Aliyaona tena yale aliyoonyeshwa mchana, kwamba kitu kikubwa kama lori kinaweza kuwa mbele ya mtu na asikione, na jua lote la Mungu likiwaka juu yake. Kisha akajiombea msamaha mwenyewe, na mumewe akamtaja kwa jina lake tu, bila kosa lolote nyuma yake.

Asubuhi jua lilikuwa limeshajaa uani. Mvua alitia moto lori lililolala nyumbani, akawasha taa, zikapaka ukuta wa nyumba madoa mawili meupe yaliyoonekana hata kwenye jua lile. Alipokuwa anatoka getini, mkono wa kushoto wa mama yake ukapanda kwa mazoea. Vidole vikafumbuka.

Hakuvifumba. Aliuacha mkono wazi hivyohivyo, juu, mpaka lori likafika mwisho wa barabara, na hata pale bado aliliona.