Miwani ya Shemeji Ismat

Ismat alikuwa na tabia ya kulamba kidole kabla ya kufuta kioo cha miwani, na hata Ramadhani hakuiacha. Inshirah alikiona kidole kile kikiteleza na mate yake juu ya kioo, akajifanya hakuona. Huyu ni mume wa dada yake Ragaa, na duka lake pale mtaani Shubra ndilo lililovisha ukoo mzima miwani.

"Tazama hapa, shemeji." Ismat alimulika karatasi kwa kitochi cha buluu, kisha akakinga kioo katikati. Mwanga ukapotea. "Umeona? Huu mwanga wa buluu ndio unaokumaliza macho kwenye kompyuta yako."

Inshirah alipanga kurasa za vitabu vya shule kwenye kompyuta, saa tisa kwa siku. Alikuwa na presha ya macho mwaka wa nne sasa, na daktari alimpa dawa ya matone mara tatu kwa siku, bila kukosa. Shida ilikuwa tone la mchana. Lilimteremkia kooni, chungu kama shubiri, naye aliogopa litamfungulia saumu.

"Sasa hofu ya nini?" alisema Ismat. "Vaa hii, dawa iweke kabatini mpaka Idi. Yote, hata ya usiku. Macho nayo yapumzike na kemikali, bwana!"

Mtu mzima, ana mvi, anasema maneno kama hayo bila hata kupepesa. Inshirah akamwamini. Siku ya kwanza kompyuta ilionekana ya manjano kidogo, laini, akajiona amepona. Akaisifia hata kwa wenzake kazini, na wawili wakaenda kununua.

Wiki ya tatu akaanza kuruka maneno ya pembeni mwa ukurasa. Siku moja wakati wa kufuturu akamimina supu ya dengu nje ya bakuli, ikamwagikia mapaja ya dada yake Ragaa.

"Wee Inshirah! Njaa imekupofusha?" Ragaa alipiga kelele, na meza nzima ikacheka. Inshirah naye akacheka, ila moyoni alishtuka. Bakuli hakuwa ameliona.

Kesho yake adhuhuri akaenda dukani kuomba miwani yenye nguvu zaidi. Ndiyo, hapo ndipo alipokuwa amefikishwa! Duka lilikuwa tupu. Akafunua pazia la nyuma, akamkuta Ismat ameinua kichwa, mdomo wazi, anajidondoshea dawa machoni. Chupa ilikuwa ileile, ya kifuniko cha njano, kama iliyolala kabatini kwake.

"Ismat! Hiyo si dawa ya presha?"

"Aa, shemeji, karibu." Alijifuta shavu kwa mkono wa shati, kamasi na dawa pamoja. "Na mimi ninayo, mwaka wa pili. Hii haifungui saumu, bwana. Nilimuuliza imamu tangu mwaka jana."

"Na mimi mbona hukuniambia?"

"Wewe ulisema unaogopa. Mimi nikaheshimu imani yako."

Akatabasamu, meno yote nje. Inshirah akatoka mbio. Lo! Kumpiga mtu changa la macho namna hiyo, halafu ukasingizia dini yake!

Siku hiyohiyo alikwenda kwa daktari. Daktari alimweka mbele ya mashine, abonyeze kitufe kila anapoona nukta ya mwanga. Upande wa kushoto alisubiri weee, hakuna nukta. Kumbe zilikuwa zimepita nyingi.

"Hii miwani haina madhara, na haina maajabu," daktari alisema akiigeuzageuza. "Macho yanachoka kwa sababu ukikodolea kompyuta hupepesi. Lakini kushusha presha? Hata chembe. Kilichopotea, mama, hakirudi. Tulinde kilichobaki." Inshirah akatia tone palepale, mchana wa saumu, akaumeza uchungu wake.

Siku ya Idi Ismat alikuja na boksi la biskuti za sukari, shati jipya, manukato yanafika kabla yake. Akamsogelea Inshirah akampa mkono. Mkono ukaning'inia hewani.

"Inshirah, jamani!" Ragaa alifoka. "Shemeji yako anakupa mkono, leo Idi, unamfanyia hivyo mbele za watu?"

Inshirah akageuza kichwa chote kushoto, taratibu, mpaka akauona. Kidole cha kulamba kilikuwa bado kina unga wa sukari.

"Sikuuona, dada," alisema. "Muulize yeye kwa nini." Kisha akarudisha uso wake mbele, na mkono ukapotea tena.