Kamba Tano za Mama Foronya

Kwa miaka ishirini na miwili Mama Foronya alisimama katika safu ya sauti ya pili, kwenye kwaya ya kanisani kwao, karatasi ya nota mkononi, na katika miaka yote hiyo hakusoma hata nota moja. Aliishika kwa adabu tu, kama mtu anavyobeba mwamvuli siku ya jua kwa kuwa wenzake wamebeba. Macho yalikuwa kwenye karatasi. Masikio yalikuwa kwa Mkunga, mwanamke mwenye kifua cha sauti aliyesimama kushoto kwake. Mkunga akipanda, naye anapanda. Mkunga akishuka, naye yumo, nusu pumzi nyuma. Mwenyewe aliuita huo unyenyekevu.

Jina la Foronya alilipata kazini. Alikuwa mfuaji katika nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na vinane, na hakuna foronya iliyowahi kupotea mikononi mwake. Hilo alipenda kulisema. Alilisema mara nyingi kuliko watu walivyopenda kulisikia.

Mwalimu wa zamani alifundisha kwa mdomo: yeye anaimba, nao wanamfuata. Alipostaafu akaja mwalimu mpya, kijana mwembamba mwenye miwani, asiyefoka, na kutofoka kwake ndiko kulikotisha. Jumamosi yake ya kwanza alipita nyuma ya safu huku wakiimba, akasimama kwa Mama Foronya, akanyoosha mkono taratibu, akaigeuza karatasi yake. Ilikuwa kichwa chini. Na hapo mama alikuwa amefumba jicho moja kwa hisia.

"Hivi, mama," mwalimu alinong'ona, "ndivyo inavyokaa."

Baada ya mazoezi alichora mistari mitano ubaoni. Akaeleza kwamba nota ikikaa mstari wa chini kabisa ni do, ikikaa kati ya mstari wa kwanza na wa pili ni re, mstari wa pili mi, na hivyo hivyo kupanda ngazi. Kisha akagawa karatasi ndogo, kila mtu na mstari wake mmoja wa wimbo usiojulikana na yeyote.

"Wiki mbili," alisema. "Kila mtu ataimba wa kwake, peke yake, bila kinanda. Atakayeshindwa si kwamba tunamfukuza. Atakaa kidogo kwenye mabenchi mpaka ajue."

Kwenye mabenchi! Mama Foronya alirudi nyumbani akiyawaza. Mahali pale pake, pa tatu kutoka dirishani, si mahali pa kusimama tu. Marehemu mume wake aliimba bezi nyuma yake hasa, na kwa miaka kumi na mitano sauti yake ilimpiga mgongoni kila Jumapili kama mkono wa joto. Alikuwa amekwenda mwaka wa saba sasa. Ila palepale, wimbo ukikolea, mgongo bado ulipata joto. Nani angempelekea joto hilo kwenye mabenchi, karibu na mlango, penye upepo?

Aliomba. Kwanza aliomba mwalimu apate kazi nzuri zaidi, mbali. Hakumtakia mabaya, alimtakia mema ya mbali. Mungu alinyamaza. Ndipo akaenda kwa Mkunga, akiwa ameandaa maneno ya kujishusha njia nzima.

"Dada yangu, nisaidie. Wewe unajua nota."

Mkunga alimtazama, akaketi. "Mimi? Nani kakwambia?"

"Miaka yote si nakufuata wewe?"

"Unifuate mimi!" Mkunga alishika kichwa. "Na mimi nakufuata wewe! Nakuona umekaza macho kwenye karatasi, nasema huyu ndiye msomi, nisimwache."

Mkunga alijielekezea kidole, kisha akamwelekezea yeye.

"Sasa," Mkunga aliuliza polepole, "aliyekuwa anaimba ni nani?"

Walicheka mpaka Mkunga akatoa leso. Lakini kicheko hakikusoma nota, na Jumatatu ilipofika Mama Foronya alikuwa uani mwa nyumba ya wageni, beseni la nguo kiunoni, karatasi imebanwa na kibanio kwenye kola ya gauni, hajui pa kuanzia.

Ua ule ulikuwa na kamba za kuanikia zilizokwenda sambamba, moja nyuma ya nyingine, ya kwanza karibu na nyumba, ya mwisho karibu na ukuta. Alizitazama kila siku ya maisha yake. Siku hiyo alizihesabu. Tano.

"Bwana asifiwe," alisema. "Nimeomba macho, nimepewa kamba."

Akaanza. Alisimama upande wa nyumba, kamba ya karibu yake akaifanya mstari wa chini. Nota ya kwenye mstari aliitundika juu ya kamba yake. Nota ya katikati aliibana ncha huku na ncha kule, ikaning'inia kati ya kamba mbili. Nota ndefu ilipata taulo, ya wastani foronya, nota fupi kitambaa cha mkono. Palipoandikwa kunyamaza alibana kibanio kitupu. Alitundika kutoka kushoto kwenda kulia, akiinama kwenye karatasi na kuinuka, na mstari wake wote ukawa uani, mweupe, ukinukia sabuni.

Wifi yake, dada wa marehemu, aliyekuwa mpiga pasi hapohapo, alitokea mlangoni. "Wifi, taulo moja hapa, kitambaa kule! Unaanika au unatega ndege?"

"Naimba."

"Haya. Ukimaliza kuimba, chumba namba tisa anauliza kwa nini soksi yake moja iko kamba ya nne peke yake."

"Mwambie ni fupi, itapita haraka."

Kulikuwa na jua kali upande wa nyumba, na wageni kwenye madirisha. Kwa hiyo akiisha kuanika alizunguka hadi ukutani, penye kivuli, akaketi juu ya beseni lililopinduliwa, na kuimbia huko. Kamba ya karibu ndiyo ya chini: do. Kushoto kwenda kulia. Kwa siku kumi na moja aliuimba mstari wake hivyo, mpaka akawa anaupika nao na kulala nao. Akiongea na watu alianza kutua katikati ya sentensi bila sababu, na wakimuuliza anasema, "Kibanio kitupu." Wifi yake alimshika paji la uso aone kama ana homa.

Jumamosi ilifika. Waliotangulia waliimba, wengine vizuri, wengine kwa neema. Fundi viatu wa bezi alikwama mara tatu, akaketi bila kuambiwa. Kisha likaitwa jina lake.

Mama Foronya alisimama pale pake, wa tatu kutoka dirishani. Aliinua karatasi, safari hii kichwa juu, alihakikisha. Ila kwa mazoea hakuisoma. Kichwani mwake aliutazama ua. Akaanza juu kabisa kama mtu aliyekanyaga msumari, akateremka, akatua, akapanda tena, na kumaliza katikati, laini, kwa kujiamini kusiko na mpaka. Aliketi. Alijizuia asitabasamu, akashindwa.

Mwalimu alikuwa ameikazia macho nakala yake.

"Mama," alisema, "wimbo huu unaanzia katikati na kumalizia kwenye do. Chini."

Tabasamu liliondoka lenyewe. Mtu wa sauti ya kwanza alikohoa kile kikohozi kisicho cha kifua. Mama Foronya aliutazama mlango, na benchi la pembeni yake.

Mwalimu hakuwa amemaliza. Aliigeuza nakala yake kichwa chini, akapitisha kidole. "Hebu rudia."

Alisimama tena, akarudia. Kidole cha mwalimu kilitembea naye hadi mwisho.

"Hujakosea hata nota moja," alisema. "Umeusoma wote, kutoka nyuma, juu chini. Nani kakufundisha hivyo?"

Ikabidi aeleze: beseni, taulo, kibanio kitupu, jua. Alipofika kwenye kuzunguka hadi ukutani alinyamaza ghafla, mdomo wazi, akajiona amekaa upande wa pili wa wimbo wake kwa siku kumi na moja. Kwaya nzima ilikuwa inafuta machozi. Naye akacheka, maana angefanya nini?

"Lakini umeukariri," mwalimu alisema kicheko kilipotulia. "Soma huu, hujauona." Akampa karatasi nyingine.

Sasa hapakuwa na ua wa kukimbilia. Alitazama. Taulo, kamba ya tatu: so. Vitambaa viwili vinashuka. Kibanio kitupu, alinyamaza. Mkunga, pembeni yake, alinyamaza pia, hakuwa na wa kumfuata. Aliuimba wote taratibu mno, kama anayeshuka ngazi na beseni kichwani, na sehemu moja akakosea, akasema "samahani, foronya," akairudia.

Mwalimu alivua miwani, akaifuta. "Mahali pako ni hapohapo, mama."

Alibaki amesimama kitambo, mgongo umepata joto.

Muda ulikuwa umekwisha. Waliobaki waliambiwa warudi Jumamosi ijayo. Na Jumatatu asubuhi Mkunga alitokea uani mwa nyumba ya wageni, karatasi yake kwenye kola, beseni la nguo zake mwenyewe kichwani.

"Nimekuja shule," alisema.

Mama Foronya alijipangusa mikono polepole, kama mwalimu mkuu. "Kwanza kabisa," alisema, "mtu lazima ajue upande wa kusimama. Wengi hukosea hapo. Simama..."

Akatazama nyumba. Akatazama ukuta. Akainua kidole, akakishusha.

"Wifi!" aliita. "Njoo mara moja!"